Mumiani wa Mke Wangu

Kompyuta niliyorudi nayo kutoka Ulaya ilikuwa ya kwanza kuingia katika nyumba ya mtu upande wetu wa Kibosho. Kama kuna aliyenitangulia, hajajitokeza mpaka leo. Niliipandisha mwenyewe kutoka Moshi mjini, imefungwa blanketi, ndani ya pikapu ambayo kaka yangu alibebea maziwa na ndizi, na kila gurudumu lilipotumbukia shimoni nilimkumbusha kwamba mzigo ule haukuwa mkungu. Nilikuwa na diploma ya elektroniki niliyoisomea huku nikiosha masufuria ya hoteli, bila mjomba serikalini na bila padri wa kuniombea nafasi. Nilikuwa na karakana ya redio na televisheni pale Kiboriloni, na watu walipanda kutoka Chekereni kuniletea vitu vilivyowashinda mafundi wengine. Nilikuwa na nyumba ya matofali yenye dari na sakafu ya vigae, katikati ya kihamba cha baba yangu, kati ya migomba na kahawa aliyoipanda yeye. Nayataja haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mwaka ule hakuna hata kimoja kilichonisaidia.

Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa ameshapoteza mimba mbili, zote zilipoanza kuonekana, na tulikuwa tumezizika bila kusema mengi. Ile ya tatu ilipofika wakati uleule, daktari mmoja wa mjini alisema mlango wa kizazi umelegea. Akamshona, akamrudisha nyumbani akalale. Alilirudia neno hilo ili tusidhani alimaanisha kupumzika. Alale usiku na mchana, miguu iwe juu kuliko kichwa, aamke kwa ajili ya choo tu, mpaka mtoto akomae. Akitembea ovyo, uzi unaweza kukatika.

Tukainua kitanda upande wa miguu kwa matofali yaliyobaki kwenye ujenzi. Mke wangu akalala hapo kichwa kikiwa bondeni, akitazama dari yangu. Wiki za mwanzo alisahihisha madaftari ya wanafunzi aliyoletewa na walimu wenzake. Kisha akasema mikono inamuuma kwa kuandika ikiwa imeinuliwa juu ya uso wake. Kisha akaacha kuyafungua. Nilikuwa nikirudi kutoka Kiboriloni namkuta ameangalia palepale nilipomwacha asubuhi, na nikimuuliza anawaza nini anajibu kwamba anahesabu mbao.

Hapo ndipo nilipompelekea kompyuta. Niliunda kibao chenye bawaba, nikakifunga ukutani, kioo kikainama kumwelekea yeye aliyelala. Kibodi niliiweka juu ya sinia lililopinduliwa kwenye tumbo, mausi pembeni yake. Umeme wetu ulikuwa wa kukatika, kwa hiyo nikaleta inveta niliyoitengeneza mwenyewe na betri za gari, ambazo nilizishusha kila asubuhi kuzichaji karakanani na kuzipandisha kila jioni. Mabega yangu bado yanaikumbuka kazi hiyo.

Mchezo wenyewe aliniachia mwanafunzi mwenzangu kule Ulaya. Ulikuwa mchezo wa kushuka. Juu kuna kijiji chenye jua, duka, bucha na hekalu. Chini yake kuna ngome iliyozama ardhini, ghorofa chini ya ghorofa, giza tupu, milango ya chuma, panya wakubwa kama mbwa, majambazi, mifupa inayotembea. Unaongoza watu wanne: mpiganaji mwenye upanga, mzee mchawi, mwanamke mganga, na mwizi hodari wa makufuli. Mpiganaji wake mke wangu alimchagua mwanamke mwenye mabega mapana, akampenda tangu siku ya kwanza. Alisema ni raha kumtazama mtu anayetembea.

Lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Mama mkwe wangu alikuja kukaa nasi ili amwangalie binti yake, akaweka kigoda chake kando ya kitanda. Na kwetu mkwe hachangamani na mama mkwe wake hivihivi. Mnasalimiana kwa mbali, mnaheshimiana, na kukaa naye ndani ya chumba cha kulala ni jambo lisilosemeka. Akiwa yeye ndani, mimi niko sebuleni, upande wa pili wa pazia. Na yeye alikuwa ndani karibu muda wote niliokuwa nyumbani. Kwa hiyo mimi, niliyeujua mchezo ule na niliyekuwa na diploma, niliufundisha kwa sauti tu, kupitia kitambaa cha maua.

Siku ya jeneza nilikuwa nimekaa hivyo, Jumapili baada ya misa.

"Kuna sanduku refu," mke wangu alisema. "Nifungue?"

"Usifungue."

"Limefunguka."

Ghorofa ya tatu, mwanamume mweupe kama unga akatoka ndani ya jeneza, akamng'ata mpiganaji wetu shingoni, akakimbilia chini. Maneno ya Kiingereza yakajaa kwenye kioo, na mke wangu akamtafsiria mama yake kwamba sasa mwanamke huyu ana laana ya damu.

"Mumiani," mama mkwe akasema, kwa sauti ya mtu aliyepewa habari ya jirani. "Walikuwapo zamani mjini. Baba yenu alikuwa hapiti mjini giza likiingia."

Nimetengeneza mitambo mingi, lakini nauheshimu bado ufundi wa aliyeibuni laana ile. Pembeni mwa uso wa mpiganaji ulitokea mstari mwekundu wa kiu. Ukiwa mfupi, yeye ni mtu kama wengine: ananunua dukani, anapita juani, watu wanamsemesha. Ukirefuka, mkono wake unakuwa na nguvu ya ajabu, upanga mmoja unamaliza jambazi, lakini jua linamchoma na mwenye duka anamfungia mlango. Ukijaa kabisa, hakusikilizi tena. Anamgeukia mwenzake aliye karibu, anamnyonya, na yule aliyenyonywa anapungukiwa uhai kwa namna ambayo hakuna dawa wala usingizi wa kuurudisha. Na usingizi ndio uliokuwa mtego mbaya kuliko yote. Wenzake wakilala wanapona majeraha, ila yeye akilala kiu inakimbia. Kila pumziko lilikuwa na gharama.

"Hapo anza upya," nilisema. "Kwa siku chache utakuwa umefika tena ulipo."

Mchezo ulihifadhi safari moja tu kwa wakati mmoja, hakuna kurudi nyuma hatua mbili. Nilisikia kigoda kikilia, kisha mke wangu akasema polepole, "Mimi nimeshaanza upya vya kutosha."

Nikasema ningeweza kuliingilia faili la safari yake na kubadilisha namba moja, laana ifutike. Haikuwa kazi ngumu kwangu. Nilishafanya ngumu kuliko hiyo kwa mtu asiyejua hata kusema asante.

"Ukigusa nitajua," alisema.

"Utajuaje?"

"Nitajua. Na nitaizima, sitaiwasha tena."

Mama mkwe akadakia, "Mwache, baba. Anataka kulea cha kwake."

Sikugusa. Nikachukua kijitabu cha maelezo kilichokuja na mchezo, nikasoma pale sebuleni, nikawapa njia halali. Aliyeng'atwa akipanda mpaka kijijini, akafika hekaluni kabla hajaonja damu, kuhani humwosha, laana ikaisha. Akiwa ameshaonja, mlango unafungwa, inabaki njia moja: kushuka hadi ghorofa ya mwisho na kumuua aliyemng'ata. Nikawaambia wapande, na haraka.

"Mwambie asilale," nilisema.

"Daktari amesema alale," mama mkwe akajibu, "wewe unasema asilale?"

"Namsema yule wa kwenye kioo, mama."

"Naye ana mimba?"

"Hapana, mama. Ana kiu."

"Mtu mwenye kiu hanyimwi," alisema, na nikamsikia akikuna mguu wake kwa kucha. "Ninyi mliosoma mna mambo magumu."

Kupanda kulichukua siku kadhaa, kwa sababu mke wangu alichoka upesi na mimi nilikuwa Kiboriloni mchana kutwa. Jioni nilikaa kwenye kiti changu, jasho la betri mgongoni, nikauliza mstari umefika wapi. Robo. Nusu. Umepita nusu. Niliwaambia wakimbie majambazi badala ya kupigana nao, wasifungue visanduku, mganga atibu kwa dawa na sio kwa kulala. Wakati mwingine nilikuwa nimeinamia meza ya karakana, redio ya mteja imefunguliwa mbele yangu, nikajikuta nawaza kiu ya mwanamke asiyekuwapo duniani. Ilikuwa afadhali kuliko kuwaza uzi.

Jioni waliyofika kijijini kaka yangu alikuwapo. Alikuja kuchukua debe lake, akakaa kusikiliza, maana habari ya mumiani ilikuwa imeshafika mpaka kilabu cha mbege.

"Amesoma Ulaya miaka yote ile," alisema kwa sauti ya kutosha kupenya pazia, "amerudi kufuga mumiani. Wenzake wanafuga ng'ombe."

"Ng'ombe ungeweza kumfuga hata wewe," nilimjibu.

Ndani, mke wangu alikuwa anasoma kwa sauti. Kuhani ametoka mlangoni. Kuhani anauliza: je, umeonja damu? Kuna ndiyo, kuna hapana.

"Hapana," nilisema.

"Nimebonyeza hapana," alisema. Kisha akasema, "Anasema naongopa."

"Haiwezekani."

"Amefunga mlango. Anasema naongopa, na amefunga mlango."

Nikauliza kama mpiganaji alimnyonya mtu njiani. Mke wangu akasema hakumgusa mtu yeyote. Nikauliza jambazi. Hapana. Panya je? Mama mkwe akaguna kwa kuudhika: nani atakunywa panya? Basi nikawataka wanieleze walichofanya tangu walipotokea juani, kimoja kimoja, na hapo ndipo ikatoka. Walipofika juu jua lilimchoma, kiu ilikuwa karibu kujaa, na mama mkwe akaona bucha. Bucha liliuza nyama, na liliuza pia damu ya mbuzi kwa kikombe. Wakamtuma mganga akamnunulie kikombe. Kiu ikashuka, jua likaacha kumchoma, wakaenda zao hekaluni wamefurahi.

"Lakini hiyo ni damu," nilisema.

"Ya mbuzi," mama mkwe akasema.

"Damu ni damu, mama."

"Ya mbuzi, baba," alirudia, kwa upole, kama anayemweleza mgeni.

Na ukweli ni kwamba mimi mwenyewe niliyekisoma kile kijitabu kwa Kiingereza sikumwaza mbuzi hata kidogo. Tangu nilipoota meno nimekunywa kisusio, supu ya damu ya mbuzi, kila Krismasi na kila mbuzi alipoanguka kihambani, na padri amekunywa kwenye bakuli lilelile. Wazee hupewa kwanza, watoto hugombea kilichobaki chunguni. Kwetu mtu aliyekunywa damu ya mbuzi amekula. Aliyeutunga mchezo ule alizaliwa kwa watu wengine, na kuhani wake pia.

Kaka alicheka mpaka akaweka debe chini. "Basi Kibosho nzima tumelaaniwa," alisema. "Paroko ameambiwa?"

Ndani mke wangu alikuwa analia, na alikuwa analia kwa namna ya mtu anayejizuia tumbo lisitikisike, pumzi fupi fupi. Kisha nikasikia kigoda kinaanguka na mama mkwe akisema, kwa Kichagga, maneno niliyoyaelewa vizuri: tumbo limekaza.

Nilisimama. Nilifika kwenye pazia, mkono wangu ukaligusa, na sikuingia. Ndani mama alimwambia apumue, asisukume, alale ubavu. Kaka alikuwa ameshatoka kwenda kuwasha gari. Nilisimama pale nikitazama maua ya kitambaa nilichokinunua mwenyewe, nikawa naomba, mimi ambaye nilikuwa nimezoea kudai. Tumbo lilikaza, likaachia, likakaza tena. Baadaye likaachia, likatulia. Mama mkwe akasema kupitia pazia, "Limelala. Mwambie kaka yako azime hilo gari, linanuka."

Kesho yake nilitaka kuiondoa kompyuta. Nilisubiri mama mkwe aende kukata majani ya mbuzi, nikaingia, nikaanza kufungua skrubu za kibao.

"Unafanya nini?" mke wangu aliuliza.

"Hiki kitu kitakuua."

"Kitu hicho ndicho kinachonilaza. Ukikiondoa nitabaki na dari." Alinitazama kutoka chini, kichwa bondeni, uso umevimba. "Kuhani amekataa, basi. Tutashuka."

"Kushuka na ile kiu ni kazi kubwa. Hujui."

"Najua kazi kubwa," alisema. "Rudisha skrubu."

Nikazirudisha.

Wakashuka. Sitasimulia ghorofa zote, kwa sababu nyingi zilifanana na kwa sababu miezi ile imejikunja pamoja kichwani mwangu, mvua za masika, ukungu mchana kutwa, betri, matope, pazia. Majirani walikuwa wanang'oa kahawa na kupanda nyanya, na kila niliporudi jioni palikuwa na kisiki kipya kando ya njia. Daktari alimwona kila mara kaka alipotushusha mjini taratibu, godoro nyuma ya pikapu, na kila mara alisema vilevile: bado anashikilia, endeleeni kulala. Alisema endeleeni, kama vile tulilala wote.

Nakumbuka ghorofa ya mifupa. Mifupa haina damu. Huko chini hakukuwa na kitu cha kunywa, na bucha lilikuwa mbali juu. Kiu ilipofika robo tatu ilijitokeza amri mpya ambayo hata mimi sikuwa nimeiona: mpiganaji anaweza kumwomba mwenzake ampe damu kwa hiari. Anayetoa anapungukiwa uhai, na kile kipande hakirudi, lakini ni kidogo kuliko angenyonywa kwa nguvu. Swali likawa nani atoe.

"Mchawi," nilisema sebuleni. "Hana kazi sana huku."

"Yule mzee?" mama mkwe akasema. "Mzee ndiye aanze kutoa, vijana wapo?"

"Mama, mwizi anahitajika kwa makufuli."

"Mwizi aanze. Ana nguvu, na tena ni mwizi."

Mke wangu alicheka, na kicheko chake tulikuwa hatujakisikia muda mrefu, kwa hiyo sote wawili tukanyamaza ili tusikiharibu. Mwizi akaanza. Mara ya pili mama mkwe alikataa mganga kuguswa, kwa hoja kwamba ndiye anayewapikia. Nilieleza kwamba katika mchezo ule hakuna anayepika. Alisema basi ndiyo maana wana njaa. Mwisho walipanga utaratibu wao, kama mbuzi anavyogawanywa kwetu kila kipande kikiwa na mwenyewe: mwizi, kisha mwizi tena, kisha mzee kidogo kwa heshima, asionekane ametengwa, na mganga asiguswe mpaka hakuna budi. Nilikuwa na utaratibu bora, nina uhakika hata leo. Hawakuuhitaji.

Mke wangu alijifunza kuuishi mstari ule. Alijua umbali wa kutembea kabla haujafika nusu, alijua pambano gani linafaa kupiganwa kiu ikiwa ndefu ili kupata nguvu yake, na lipi la kuepuka. Alilala mchana kidogo akaamka akauliza saa ngapi, akahesabu kitu kimoyomoyo, akavuta sinia. Mwizi alidhoofika mpaka alianguka kwa pigo moja. Mzee alikwisha polepole. Nilimsikia mke wangu akimwambia mama yake kwamba anawaonea huruma, na mama yake akamjibu kwamba nao walijua walikuwa wanakwenda na nani.

Sikuwa na nguvu za kufundisha tena. Nilikuwa nafika, naweka betri, nakaa, na usingizi unanichukua na viatu miguuni. Mteja mmoja pale Kiboriloni aliniambia nimezeeka tangu Pasaka. Nilimwambia redio yake imezeeka zaidi. Lakini niliporudi nilijitazama kwenye kioo cha kunyolea, na alikuwa amesema kweli.

Uchungu ulikuja asubuhi ya mvua, kabla ya wakati wake lakini si mapema kama zile mbili. Nilikuwa nje natayarisha toroli, betri bado zikiwa ndani. Mama mkwe aliniita.

"Baba, ingia."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaita tena. Niliingia. Mke wangu alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili, na mama mkwe amesimama upande wa kichwani, amegeuza uso wake ukutani ili asinitazame wala mimi nisimtazame. Akiwa hivyo, amenipa mgongo, alinyoosha mkono nyuma na kunielekeza mahali pa kushika. "Wewe mabega," alisema akiambia ukuta. "Mimi miguu. Usiikunje." Tukambeba. Mama mkwe alitembea kinyumenyume mpaka kwenye gari la kaka, uso pembeni, hakujikwaa. Kioo tulikiacha kinawaka. Nilipopita nililiona kwa pembeni ya jicho lile jumba la giza, watu wawili tu wamebaki, mpiganaji na mganga, na mstari mwekundu uliokuwa umepita nusu.

Barabara ya Kibosho wakati wa mvua haihitaji kuelezwa kwa aliyewahi kuipita. Kaka aliendesha bila utani. Mara mbili mimi na mama mkwe tulishuka kusukuma, bega kwa bega. Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri, msichana, mdogo kiasi kwamba muuguzi alimbeba kwa mkono mmoja, akamweka kwenye sanduku la joto. Nilimuuliza muuguzi kama ataishi. Alisema tusubiri. Nilimwambia nimeshasubiri. Alinitazama, akavuta benchi, akaniambia nikae.

Tulisubiri wiki nyingi. Nilipanda na kushuka, chakula cha mgonjwa asubuhi, karakana mchana, hospitali jioni. Mtoto alilishwa maziwa ya mama yake kwa kijiko, matone, tena na tena. Betri zilikufa kule nyumbani, kompyuta ikazima yenyewe, na nilipoiwasha baadaye safari ile haikuwapo, kwa sababu faili lake lilikuwa wazi kompyuta ilipozima, likaharibika, na hapakuwa na mtu wa kuihifadhi asubuhi ile. Nilimwambia mke wangu nikidhani itamuuma. Alikuwa anamkamulia mtoto maziwa kwenye kikombe. Alisema, "Aha," akaendelea kukamua.

Siku waliyoturuhusu jua lilikuwa limetoka. Kaka alikuja na godoro nyuma ya pikapu kama kawaida, amelitandikia shuka safi. Mke wangu alilitazama, akafungua mlango wa mbele, akakaa kwenye kiti, mtoto mapajani. Mimi na mama mkwe tukapanda nyuma, kila mmoja ukingo wake.

Pale njia ya magari inapoachana na ya kuingia kihambani kwetu, mke wangu alimwomba kaka asimamishe. Akashuka.

"Mwanangu, kaa kwenye gari mpaka mlangoni," mama yake alisema kutoka juu. "Huna miguu bado."

"Ninayo."

"Utaanguka na mtoto."

"Nitashika migomba."

Akaanza kutembea. Alitembea vibaya, miguu imesahau kazi yake, akiweka unyayo mzima chini kila hatua, na baada ya kila migomba michache alisimama, akaegemea kwa kiganja, akavuta pumzi. Nilimfikia, nikanyoosha mikono nimpokee mtoto. Akatikisa kichwa. Nikachukua mfuko wa nguo. Nikabaki nyuma yake. Mama mkwe alishuka naye akafuata, mbali kidogo na mimi. Kaka aliingiza gia ndogo, akaja nyuma yetu taratibu mwendo wa mwanamke yule, na hakupiga honi.